Maadili Nimezaliwa Nayo

Jumatatu, 6 Mei

Meneja katuita wote kabla milango haijafunguliwa. Kasema kuanzia mwezi wa sita, hakuna atakayekaa dirishani kumshauri mwanachama aweke wapi akiba yake mpaka awe na cheti. Cheti cha maadili ya taaluma! Mtihani ni Jumamosi ya tarehe ishirini na tano. Atakayeshindwa atahamia stoo ya mafaili, kule chini, kwenye taa inayopepesa kama inakata roho.

Mimi! Nimekaa dirisha la pili tangu ushirika wetu ulipokuwa na meza moja na feni ya kuazima. Wajane wananijua. Wastaafu wananijua. Kuna bibi mmoja ambaye hata akiletewa pesa zake mkononi hazigusi mpaka kwanza auone uso wangu. Leo ndiyo nifundishwe uaminifu na kitabu?

Nikanyoosha mkono. Nikamuuliza Meneja, kwa heshima zote, kama cheti cha ubatizo hakitoshi. Watu wakacheka. Sikuwa natania.

Kitabu chenyewe tumegawiwa. Kinene, herufi kama mchwa. Viwango saba. Nimefungua ukurasa wa kwanza: mshauri awe mwaminifu. Nikakifunga. Hicho nakijua.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye kwa majaribu ya Mungu ndiye anayekaa dirisha la kwanza, tayari kanunua kalamu za rangi. Njano ya sheria, kijani ya mifano, waridi ya “mambo ya kutafakari”. Kaniuliza kama nitapenda kuazima hata ile ya njano. Nikamjibu kwamba mimi nasoma kwa macho.

Jumanne, 7 Mei

Leo nimesoma kweli. Shahidi ni mume wangu.

Sheria zenyewe zinalaza. Lakini ukifika sura ya nne kuna mifano ya watu, na hapo ndipo nilipoamka. Yupo Bwana K. Mshauri wa fedha, kama mimi. Shemeji yake ana kiwanda cha matofali. Bwana K akawa anawaambia wateja wanunue hisa za kiwanda kile, bila kuwaambia kwamba mwenye kiwanda ni shemeji yake. Kitabu kinauliza: Bwana K amevunja kiwango kipi?

Kiwango! Hakuna hata mstari mmoja unaouliza Bwana K alikuwa analala vipi. Mtu kakabwa na shemeji kila siku, mke naye kanuna, afanye nini? Mimi mtu mwenye wifi namwelewa Bwana K mpaka kwenye mifupa. Nilipomaliza ukurasa machozi yalikuwa yananilenga.

Nikamsimulia mume wangu. Yeye alikuwa anafungua redio ya mtu, bisibisi mdomoni. Akasema huyo Bwana K hayupo, wametunga. Nikamwambia kuna akina Bwana K wangapi duniani na kila mmoja ana shemeji. Akatoa bisibisi mdomoni akasema basi mke wangu, si usome tu? Huyu mume ananiambia nisome kama vile ananiambia nimekunja shuka vibaya.

Nimemwandika Bwana K kwenye maombi yangu ya asubuhi.

Alhamisi, 9 Mei

Mpango! Binti wa kaka yangu alifanya mtihani huuhuu mwaka jana akafaulu, sasa anafanya kazi benki, anavaa viatu vinavyolia. Kwa nini nihangaike na herufi za mchwa wakati damu yangu mwenyewe anayo maswali kichwani?

Nilimfuata kazini kwake saa ya mapumziko. Nikamsalimu vizuri, nikamsifia nywele, nikauliza hali ya mama yake. Kisha polepole nikamwambia simwombi maswali, hapana, nisije nikamtia majaribuni. Anidokeze tu yanapita njia gani.

Mtoto akaniangalia kama nimemwomba figo. Kasema, Shangazi, tulikula kiapo, hata kuuliza tu ni kosa, limo kwenye kiwango cha saba. Nikamwambia mwanangu, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni ukiwa na surua. Kasema anajua Shangazi, na anashukuru, na jibu ni lilelile. Nikamwambia basi asiseme kitu, mimi nitataja sura, yeye apepese macho tukifika penyewe. Akafumba macho! Katikati ya ukumbi wa benki, mtu mzima kafumba macho mpaka nilipoondoka. Mlinzi akaja kutuuliza kama kuna tatizo.

Alichosema wakati naaga, macho bado kayafumba, ni kwamba nisome kitabu chote.

Nimelitafakari njia nzima. Chote! Maana yake maswali yanatoka humo. Kwa hiyo kanidokeza. Damu haiwezi kukunyima.

Jumapili, 12 Mei

Wifi kafika sura ya sita. Kanionyesha bila kuulizwa. Kitabu chake kina rangi kama khanga mpya.

Nikapiga moyo konde. Baada ya ibada kulikuwa na kikao cha kwaya. Mwenyekiti wetu, yule mama mwenye duka la vitambaa, akauliza nani ataongoza kamati ya sare mpya. Kazi ile hakuna aitakaye: kupima watu, kukimbizana na fundi, kusikiliza malalamiko ya shingo na mikono. Nikasimama. Nikasema ninamfahamu dada mmoja mwenye moyo wa kujitoa, mwenye jicho la rangi kuliko sisi sote. Nikamtaja wifi yangu.

Makofi! Vigelegele! Wifi hakuwa na pa kutokea. Alinitolea macho juu ya kitabu cha nyimbo. Nikampa tabasamu la kindugu.

Mume wangu kaniuliza nyumbani kwa nini nimemtwisha dada yake mzigo ule wakati mtihani umebaki wiki mbili. Nikamwambia utumishi hauna wiki. Nimelala usingizi mtamu mchana kutwa.

Jumatano, 15 Mei

Kikundi cha maombi cha akina mama. Wifi hakuja, yuko kwa fundi kubishania kola. Nafasi ikawa nzuri.

Mwenyekiti akauliza nani ana hitaji. Midomo ikanitangulia. Nikasema yupo ndugu mmoja wa fani yetu, sitamtaja jina, niseme tu Bwana K, ameingia matatizoni kwa ajili ya shemeji yake. Mwanga wa macho ya akina mama wale! Hitaji la maana kama hilo halijaletwa muda mrefu. Tumekuwa tukiombea magoti na meno tu.

Wakauliza shemeji kafanya nini. Nikaeleza. Mwenyekiti akasema shemeji wote ni walewale. Mkunga mstaafu akalia kabisa, kumbe naye mumewe alimaliziwa duka na shemeji. Tukamwombea Bwana K kwa sauti mpaka mlinzi wa kanisa akachungulia.

Tatizo dogo. Yupo mama mmoja anajenga. Baada ya Amina akanivuta pembeni kuniuliza hayo matofali ya shemeji yakoje, yanashika saruji vizuri? Nikasema sijui. Akasema anaomba nimuulizie Bwana K, hasa kama kuna punguzo. Nikamwambia Bwana K kwa sasa hayuko katika hali ya kuzungumzia matofali.

Mkunga naye kauliza Bwana K anakaa wapi tukamtembelee. Nikasema mbali. Si uongo. Ukurasa wa sabini na kitu ni mbali.

Jumapili, 19 Mei

Mambo yamekua. Akina mama wamemfuata mchungaji. Mchungaji kasema kabla ya nyimbo kwamba tumkumbuke ndugu K na nyumba yake katika kipindi hiki kigumu. Kanisa zima likaitikia. Wazee wananiuliza mlangoni anaendeleaje.

Ningefanya nini? Niseme ni mtu wa kitabuni? Imani za watu zitikisike? Nikasema anaendelea vizuri kidogo, ila amehamishwa kikazi. Kitabu kinasema mshauri asitoe maelezo ya kupotosha. Lakini hapo kinasema mshauri kwa mteja. Bwana K si mteja wangu. Nimesoma kwa makini.

Mama anayejenga kauliza kama alikohamishiwa matofali yanafika.

Jumatano, 22 Mei

Aibu! Aibu ya kupaka usoni!

Wifi kaja kwenye maombi. Kamaliza kola mapema, sijui kampa nini fundi. Kakaa pale mbele na futi ya kupimia shingoni. Mwenyekiti akafungua kwa Bwana K. Nikafumba macho nikakaza sauti ili wifi asisikie vizuri. Mkunga akamwomba Mungu ayavunje yale matofali ya adui. Nikafumbua jicho moja. Wifi alikuwa ananitazama na macho yake yote mawili.

Hakusema kitu mbele ya watu, hilo nampa. Alisubiri mpaka tukawa kwenye ngazi. Akaniambia taratibu, akikunjakunja ile futi, kwamba, wifi yangu, mwenzio nimesikitika sana kusikia habari za Bwana K. Kisha akaniuliza na Bi. T wa sura ya tano naye tumwombee lini, yule aliyeghushi sahihi?

Nikajitia hamnazo. Akasema nisihangaike, mimi ni mke wa kaka yake, hawezi kunivua nguo mbele ya kanisa. Ila amechoka, masikini, na mtihani ni Jumamosi, na bado kina mama wa sauti ya pili na wazee wote wa besi hawajapimwa. Kama angempata ndugu wa kumshika mkono Alhamisi na Ijumaa… Akanivika ile futi shingoni kama ananitunuku nishani.

Siku mbili za mwisho kabla ya mtihani!

Ijumaa, 24 Mei

Nimepima viuno mpaka naona namba kwenye ukuta. Wazee wa besi wanavuta tumbo ndani, ukishaandika wanaliachia. Wote nimewaongezea kwa kukadiria. Mama mmoja wa sauti ya pili kanikasirikia, kasema futi yangu ina chuki.

Wifi yuko ukumbini, kiti cha mwisho, miguu juu ya benchi, anasoma. Kalamu ya waridi.

Nilikuwa nimeficha kitabu chini ya daftari la vipimo. Kati ya kifua cha mtu na kifua cha mtu nikadokoa kiwango cha sita. Na nikaona! Imeandikwa wazi: mtu akijua kosa la mwenzake akanyamaza ili apate faida yake, naye ana hatia, tena kubwa. Wifi kumbe amezama kuliko mimi! Nimefurahi mpaka mzee niliyekuwa nampima akauliza kama kapungua.

Nitafanya nini na habari hii? Nitamsamehe. Lakini nitamsamehe mbele ya watu, siku nitakayoichagua mwenyewe.

Mume wangu kanipa chai, kaniuliza nimesoma kiasi gani. Nikamwambia cha kutosha mtu mwenye dhamiri.

Jumamosi, 25 Mei

Mtihani ni wa kompyuta. Chumba baridi, viti vinazunguka, msimamizi kijana mwenye uso wa mlango uliofungwa. Wifi kakaa mstari wa mbele na sweta. Nani alimwambia kuna baridi? Hakuniambia.

Kabla ya kuanza skrini inakutaka ubonyeze kiapo, kwamba hujatafuta maswali kwa mtu. Nimekisoma kwa utulivu. Nilitafuta, naam. Lakini sikupewa. Mtu aliyekwenda sokoni akarudi na kikapu kitupu hawezi kuitwa mnunuzi. Nikabonyeza kwa moyo safi.

Maswali ya kwanza niliyakata kama sabuni. Kisha swali la tano: mteja mwenye umri mkubwa amemletea mshauri kuku wawili kwa shukrani, mshauri afanye nini? A, awarudishe. B, awatangaze kwa mkuu wake. C, agawane na wenzake. D, yote si sahihi. Umrudishie mtu mzima kuku wake? Aende nao njia nzima wakipiga kelele, jirani wamwone amekataliwa? Hakuna jibu lenye utu hapo!

Ndipo nikaona chini kuna kisanduku kimeandikwa “Maoni kuhusu swali hili”. Mungu hamtupi mja wake! Nikaandika. Nikaeleza habari ya heshima, na moyo wa mtoaji, na jinsi kuku anavyoweza kufa njiani kwa jua. Swali la sita nalo nikalitolea maoni. La saba. Kufika la tisa, nani nimwone? Si Bwana K, lakini ndugu yake kabisa: mshauri na binamu mwenye mabasi. Nikamtetea kwa aya tatu. Nikaweka na neno la faraja kwa mkewe.

Nilikuwa nimechangamka kweli, vidole vinaruka, skrini ikazima. Muda umekwisha.

Nikanyoosha mkono nikamwambia kijana bado sijafika nusu. Akauliza nilikuwa nafanya nini. Nikasema natoa maoni. Akasema kile kisanduku, mama, ni cha kuripoti swali kama lina kosa la kuchapa. Hakina alama.

Nikamwambia mengi mle yalikuwa na kosa, si la kuchapa. Nikachukua mkoba wangu nikatoka kichwa juu.

Jumatano, 5 Juni

Matokeo. Wifi kafaulu. Kapewa saa ya ukutani na ushirika. Mimi nimeshindwa, na Meneja kaniita ofisini, akafunga mlango kwa adabu.

Kasema wasahihishaji wameandika kwamba maswali niliyojibu nimepata karibu yote. Nikasema amina. Kasema yaliyobaki nimeacha wazi. Nikasema nilikuwa nafanya la muhimu zaidi. Kasema ananiheshimu kama dada yake mkubwa, lakini kanuni ni kanuni, hata nusu ya ushauri nisimpe mwanachama mpaka mtihani wa marudio mwezi wa kumi na moja. Kuanzia Jumatatu, stoo.

Sikulia mbele yake. Nililia kwenye choo cha wafanyakazi, bomba likiwa wazi. Nilifikiri habari ya yule bibi asiyegusa pesa mpaka anione. Atamwona nani? Nilifikiri mjane yule ambaye wanawe wamemzunguka kama inzi, na fundi cherehani asiyejua kusoma ambaye kila mara namsomea karatasi mara mbili na ya tatu anaisema mwenyewe kwa kichwa. Nani atawasomea mara ya tatu?

Wifi alinigongea mlango wa choo. Akasema, wifi, pole kwa kweli. Alimaanisha. Ndicho kilichoniuma zaidi. Akasema atawaangalia watu wangu vizuri. Nikamwambia kupitia mlango kwamba nimemsamehe. Akauliza kwa lipi. Nikasema kiwango cha sita, akasome. Sikupata watu wa kusikia, lakini nimeshasamehe, basi.

Nimehamisha mto wangu wa kiti. Dirisha la pili sasa lina karatasi imebandikwa: LIMEFUNGWA. Kana kwamba limekufa.

Jumatatu, 10 Juni

Stoo. Taa inapepesa. Mafaili mpaka darini, vumbi la watu waliokwisha kufa. Nikafuta meza, nikaomba, nikakaa. Kimya. Nikasema sawa, Mungu, kama hapa ndipo, hapa ndipo.

Saa ya chai nikasikia fimbo kwenye ngazi. Tok. Tok. Bibi! Na magoti yale! Kaniambia huko juu kuna mwanamke mwenye saa ukutani amemwuliza maswali mengi kama polisi, naye kamwambia asante mwanangu, namtaka wangu. Nyuma yake fundi cherehani. Nyuma yake mjane. Nyuma ya mjane wastaafu, mstari mpaka juu kwenye kona.

Nikawaeleza nimekatazwa. Siruhusiwi kumshauri mtu hata nusu. Nikaona nyuso zinavyoanguka. Bibi kauliza basi je, hata kuomba naye pia nimekatazwa?

Nikachukua kitabu, nikatafuta kwenye faharasa yote mwishoni. Nimeangalia chini ya S, chini ya M. Neno sala halimo. Neno maombi halimo. Viwango saba, hakuna hata kimoja kinachogusa sala!

Nikamshika bibi mikono, nikafumba macho. Nikasema, Ee Bwana, unamjua mja wako huyu, na mafao yake yote yanayolala bure kwenye akaunti ile isiyozaa, na mwanawe wa mwisho anayeyamezea mate kwa ajili ya pikipiki. Umfunge huyo mwana mikono, Bwana. Umwongoze mja wako kwenye akiba ya miezi sita, wala asidanganyike na ile ya miaka mitatu wanayoisifu dirisha la kwanza, maana Wewe na mimi tunajua miaka mitatu ni mbali kwa mtu wa umri wake. Ngazi nzima ikasema Amina.

Mjane nikamwombea na mgogoro wa nyumba yake, mpaka majina ya wanawe. Fundi nikamsomea karatasi katika maombi, mara tatu, akairudia kama kiitikio. Bibi aliniachia mayai kwenye kitambaa. Nikayaweka nyuma ya mafaili ya herufi N, maana ningeyarudisha yangevunjika.

Meneja kashuka katikati. Nilimsikia viatu. Akasimama mlangoni, akakohoa. Sisi sote tulikuwa tumefumba macho, na mchungaji mwenyewe hakati mtu katikati ya sala, sembuse meneja. Nikaongeza na yeye pale pale, Mungu amjalie hekima, na mkopo wake wa gari uishe salama. Wote wakasema Amina, na wengine wakasema pole. Akapanda juu.

Wamebaki wengi, nimewaambia warudi. Mstaafu mmoja wa nyuma kabisa aliomba nirudie sala pale kwenye riba, hakusikia vizuri. Nikairudia kwa sauti zaidi.

Kesho naleta mabenchi.